Bledi Yenye Meno Machache

Kijijini, Ijumaa jioni

Mpenzi wangu Zena,

Na ile yenye meno machache ndiyo iliyokata. Naanzia hapo kwa sababu tangu juzi nazungumza nawe kichwani, na nilipokamata kalamu nikaona tulikuwa tumefika hapo. Umeshinda, mke wangu. Sijawahi kushindwa na mtu nikafurahi namna hii.

Sasa nirudi nyuma nikusalimie kama mtu aliyelelewa. U hali gani? Kile kikohozi nilichokuacha nacho kimekwisha? Mama mpe shikamoo yangu kwanza, kisha ingia chumbani usome peke yako, maana humu yamo maneno ambayo mkwe hapaswi kuyasikia. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo kwa kula ninachopika mwenyewe, viganja vimeota malengelenge, lakini nina furaha inayonifanya nitabasamu ubaoni hadi darasa la nne wanatazamana.

Unakumbuka nilivyokuwa nimebanwa. Nyumba ya mwalimu ilikuwa imesimama, bati liko juu, ila bafu na ukuta ulio nyuma ya jiko vilikuwa tofali mbichi tupu, na tofali mbichi ukizimwagia maji wiki moja zinarudi kuwa tope. Mwenyekiti wa kijiji alisimama mkutanoni akasema nyumba hiyo ni ya mtu mwenye familia, na bwana shamba mpya ameshaarifu kwamba anakuja na mke na watoto.

"Mwalimu, wewe mkeo tunamsikia kwa masikio tu," akaniambia mbele ya watu. "Ukimaliza bafu kabla bwana shamba hajafika, ingia. Usipomaliza, utaendelea kulala stoo na marobota ya tumbaku mpaka tujenge nyingine mwakani."

Mwakani, Zena. Nilikaa pale kwenye benchi nikihesabu moyoni masika, kiangazi, na wewe uko Mtendeni huko Tabora na mimi nanukia tumbaku kama kiko cha mzee. Usiku ule nilikuandikia ile barua fupi ya haraka ambayo ulisema mwandiko wake ulikutia hofu.

Mabamba ya saruji ya kufunika kuta hizo yaliposhushwa stesheni niliona kazi imekwisha. Ya kijivu, mapana kama mlango, membamba kuliko kidole, ya kutosha kuta zote na moja la akiba. Watu wa zamu ya kazi ya pamoja waliyabeba vichwani wakiimba kwa Kinyamwezi, na mimi nyuma yao kama bwana harusi anayesindikizwa. Kumbe kuyabeba ndiyo ilikuwa kazi rahisi. Kuyakata sasa.

Nilikwenda stoo kwa Mzee Maganga, yule mtani wangu Mnyamwezi anayetunza vifaa vya kijiji, niazime msumeno mkubwa. Aliukumbatia.

"Huu ni wa mninga," akasema. "Ukiupeleka kwenye saruji utarudi kibogoyo. Kesho kijiji kikitaka madawati nitawaambia nini? Nimempa Mzigua?"

"Mzee, naomba kwa heri."

"Mzigua haombi kwa heri. Babu zangu walipita kwenu na pembe za ndovu mabegani, wakaomba maji, wakanyimwa."

"Babu zako walikula mihogo yetu shamba zima wakaondoka bila kuaga," nikamjibu. "Hayo maji yangewavimbisha."

Akacheka mpaka akakaa chini, lakini msumeno hakunipa. Alichonipa ni fremu ya msumeno wa kukatia chuma, yenye bledi moja nyembamba ya meno madogo madogo. Nikasukuma. Mwanzoni ilikwenda, kisha meno yakajaa unga wa saruji, bledi ikaanza kuteleza kama kidole kwenye sabuni, ikapata moto, na vumbi kavu likanipanda puani nikakohoa hadi machozi. Nikaongeza nguvu. Bledi ikakatika, na bamba likapasuka pembeni kwa mstari wake lenyewe, si kwa mstari wangu.

Nikajipa moyo kwamba ipo akiba. Nikatoka nje kulifuata. Halipo. Nikaona nyayo, nikazifuata, zikanifikisha nyumbani kwa Mzee Maganga. Bamba langu lilikuwa limesimamishwa kwenye banda la kuku, mlango safi kabisa, limefungwa kwa kamba ya kufungia kuni.

"Mwangaluka, mwalimu," akanisalimu kwa Kinyamwezi bila haya hata chembe. "Unaonaje mlango wangu?"

Wewe binti wa Tabora unajua vizuri kuliko mimi: mtani akichukua kitu chako, ukinuna umejiaibisha. Ilibidi niusifu ule mlango. Nikauliza kama kuku wanaupenda. Akasema kuku mmoja anaatamia humo ndani na tangu mlango uje analala usingizi, maana kicheche hawezi kupita. Nikarudi stoo kwenye marobota yangu, nikachukua kipande cha lile bamba lililopasuka, nikampa baba yako mdogo aliyekuwa anarudi Tabora na asali yake, pamoja na maagizo yangu kwako. Na maagizo yenyewe unayakumbuka, usinikumbushe: nunua bledi zenye meno madogo zaidi, madogo kuliko yote dukani, usikubali nyingine. Nilifikiri kitu kigumu kinataka meno ya kutafuna polepole. Nilikuwa na hakika kabisa.

Zena, ile sehemu ya barua yako ya dukani nimeisoma mpaka karatasi imelainika. Naiona. Wewe na buibui lako, unaingia dukani kwa Bwana Gulamu, unaweka kipande cha saruji juu ya meza yake ya kioo. Anakuambia, "Mama, hii kazi ya fundi." Unamjibu, "Fundi ni mume wangu, yuko mbali, mkono wake ndio huu." Wateja wanasogea kutazama. Anakuletea niliyoagiza mimi, unasukuma, inateleza. Mwingine angefunga akalipa akaenda zake, maana mume ndivyo alivyoagiza. Wewe ukasema, "Nipe na ile ya mwisho pale, yenye meno yaliyoachana." Ukasukuma tena, unga ukamwagika sakafuni, na kipande kikagawanyika huku Bwana Gulamu akilinda kioo chake kwa mikono miwili. Naye kwa wema wake akakuongezea kwamba mstari wa kukatia ulowanishwe kwa kitambaa. Ulitoka na vumbi la kijivu kwenye buibui, ukapita nalo Mtendeni nzima. Ningetoa kitu gani niwe nimesimama ng'ambo ya barabara siku ile.

Ukanitumia zote mbili. Hilo ndilo lililonimaliza. Ukatuma niliyoagiza ili nisione umenipuuza, na ukatuma uliyoijaribu, umeifunga kivyake kwenye kipande cha ile kanga ya harusi. Baba mdogo alinikabidhi akasema, "Mkeo amesema uanze na unayoitaka mwenyewe." Nami kwa ubishi wangu nikaanza na yangu. Inchi chache tu, ikajaa unga. Nikaitoa, nikafungua kile kipande cha kanga. Kilikuwa na harufu ya udi wako, na nilikaa nacho puani muda kidogo hadi jirani akauliza kama nina mafua.

Kisha nikafunga bledi yako. Nikalaza bamba juu ya mbao, likashikiliwa pande zote mbili ili kipande kinachoanguka kisivunje kona. Nikalowanisha mstari. Nikasukuma taratibu bila kukandamiza. Sikiliza, Zena: ilikuwa na sauti tofauti. Ile nyingine ilikuwa inalia, hii ilikuwa inakoroma kama mtu aliyeshiba. Kwa kuwa meno yameachana, unga unapata pa kutokea, unatoka umelowa kama uji, hakuna vumbi, hakuna moto. Kipande kikatoka kimenyooka. Nikakipapasa ukingo wake kama vile nimekichonga kwa dhahabu. Watu wa zamu wakaja kutazama, na kila mmoja akataka kusukuma kidogo. Nikawaambia bledi hii imechaguliwa na mke wangu. Nimewaambia mara nyingi sana, nadhani sasa wamechoka.

Kuta zikapanda. Bafu likaisha, ukuta wa jikoni ukafika karibu na dirisha, nikabakiwa na pengo moja la upana wa bamba moja. Na bamba hilo, unajua liliko.

Bwana shamba alikuwa njiani. Karani wa stesheni alishapata habari za mizigo yake. Nikaenda kwa Mzee Maganga jioni, nikamkuta anapepeta mtama na mkewe.

"Mzee, nimekuja kununua mlango."

"Hauuzwi. Kuku anaatamia. Nikiutoa, kicheche atakula vifaranga kabla hawajazaliwa. Unataka dhambi hiyo?"

"Nikikuletea mlango mwingine?"

"Wa majani sitaki. Nimeshazoea saruji."

Mkewe akadakia, "Mpe mtoto wa watu kitu chake, mzee. Kuku wako alizaliwa kwenye kapu."

Hapo ndipo nilipokumbuka lile bamba lililopasuka. Zamani halikuwa na faida kwangu, kwani sikuwa na cha kulikatia. Sasa ninacho. Nikalibeba hadi uani kwake, nikapima banda lile kwa kijiti, nikalowanisha mstari, nikakata mbele ya macho yake mlango mdogo kwa kipimo cha banda, kona zote zimekaa, na tundu juu la kupitisha kamba. Akaufunga mwenyewe, akaufungua, akaufunga tena. Ulikaa vizuri kuliko ule wa kwanza, ambao ulikuwa unaburuza chini.

"Chukua lako," akasema. "Lakini usidhani umelipa. Haya ni ya kuku. Ya watani bado. Fidia yangu ni huyo binti wa Tabora unayetuhadithia. Aje, asonge ugali, tuule, tujue kama umeoa kweli au umeoa bledi."

"Lini?"

"Kabla mwezi haujaisha. Ukichelewa, narudi kuchukua mlango wa chumbani kwako."

Nikampa mkono, na mkewe akapiga kigelegele pale pale na ungo mkononi.

Bamba la mwisho likaingia kwenye pengo likakaa kama limezaliwa hapo. Mwenyekiti akaja na ndoo ya maji, akaimwaga yote ukutani, akasubiri, akapapasa, akagonga. Kisha akatoa ufunguo mfukoni akanipa bila hotuba, jambo ambalo hapa halijapata kutokea. Bwana shamba alifika siku iliyofuata. Ni mtu mpole. Atakaa kwa katibu wa kijiji wakati tunamjengea yake, na nimeahidi kumkatia bafu lake mwenyewe, kwa bledi yako.

Mpe Mama habari za nyumba, lakini umpe kwa adabu, usizungumzie udi. Bibi yako, mke wangu mkubwa, mwambie sijamsahau na kwamba bafu lina nafasi yake pia akija. Baba mdogo mwuza asali namshukuru kwa kubeba saruji na chuma kama wapagazi wa zamani. Mdogo wako, shemeji yangu mchokozi, mwambie aanze kukuzoea ukiwa mbali. Bwana Gulamu ukipita dukani mpe salamu, na umwambie kioo chake kisalimike daima.

Nimebakisha kipande kimoja tu sijakikata. Ni cha rafu ya kuwekea kioo cha kujitazamia bafuni, usawa wa macho yako. Nimesimama pale mara kadhaa nikaweka alama ukutani kwa mkaa nikafuta, maana sikumbuki macho yako yanafika wapi kifuani kwangu, na kila nikijaribu kukumbuka nasahau rafu. Kwa hiyo usijipime, usinitumie kipimo. Nimeomba ruhusa shuleni na nimepewa. Kabla mwezi haujaisha nitashuka stesheni ya Tabora nikiwa na kipande cha uzi mfukoni, nikupime mwenyewe.

Mumeo aliyeshindwa,
Mhina