Kikohozi cha Ng'ambo ya Kilima

Mwenzangu, uko? Naandika haraka haraka, nivumilie nikikosea herufi.

Leo tumerudi kule bondeni kisiwani kumtafuta yule chura adimu aliyerekodiwa na marehemu mwalimu wetu. Miaka kumi na tisa hajasikika. Mimi nilikaa upande huu wa kilima, mwanawe mwalimu upande wa pili. Tulikubaliana mimi nipige kwenye spika ile rekodi ya mlio wa chura aliyoiacha baba yake, yeye atege sikio tu kama kuna chura atakayeitikia.

Nikapiga. Kimya. Nikapiga tena.

AKAITIKIA!! Ng'ambo ya kilima, mlio uleule! Nikaanza kulia palepale kwenye tope, huku nikipiga tena mara mbili.

Halafu chura akakohoa.

Akakohoa, mwenzangu. Kikohozi cha marehemu, kile chake cha mara mbili.

Unakumbuka ile rekodi inaishia na kikohozi chake? Kwenye nakala yangu nilikikata, tangu tumzike nilikuwa siwezi kukisikiliza. Mwanawe hakukata. Kumbe alidhani spika yangu imeharibika, uvumilivu ukamshinda, naye akawa anapiga ya kwake! Tulikuwa tunaitikiana sisi kwa sisi.

Mara huyo anashuka mbio, kalowa chapachapa, anacheka huku analia. "Dada, nimemsikia! Kaniitikia mara mbili! Yupo!" Na keshampigia mama yake simu kumpa habari.

Akanikumbatia. "Laiti baba angekuwepo."

Nikaitia spika mkobani.

Baba yake alikuwepo, mwenzangu. Asiyekuwepo ni chura.