Cheche Juu ya Sikio la Kulia

Jumatatu, 3 Februari

Sikukuu za mwaka mpya wa Kichina zimekwisha. Maabara tena. Vichwa vya watu tena. Nawavalisha kofia ya nyaya, nawapaka jeli kama napamba keki, nawategea vitendawili, nangoja ubongo uwake. Mtu akipata jibu ghafla, cheche nyekundu inatokea kwenye skrini, juu ya sikio la kulia, kabla hajafungua mdomo. Profesa Hsueh anaiita “sahihi ya ubunifu.” Gazeti la hapa Tainan limempiga picha ameishika kofia kama taji. Hongera zake.

Leo kaniita. Ijumaa ya wiki ijayo wanakuja wakubwa kutoka Taipei. Mambo yakienda vizuri, kazi ya kudumu ni yangu. Ila anataka na wazo la jaribio jipya. Akanishauri: wazo halilazimishwi, Peishan, pumzika, oga, tembea. Halafu: “Uniletee keshokutwa saa tatu.”

Jumanne, 4 Februari

Nimeoga mara tatu. Wazo lililokuja: sabuni inakwisha.

Mama nje ya mlango: “We mtoto, umegeuka bata?”

Jumatano, 5 Februari

Sikupeleka kitu. Profesa kasema niendelee kuoga.

Jumatano, 12 Februari

Sikukuu ya taa. Mama kanikokota hekaluni kwenye mashindano ya vitendawili. Kila mwaka anashinda sabuni au mchele, na kila mwaka anatangaza mtaa mzima kama kashinda ubunge.

Mzee wa hekalu akasoma: “Asubuhi anakupita urefu, adhuhuri unamkanyaga, usiku hana kwao.” Mimi nina donge la unga wa mchele mdomoni, la moto, ufuta unanichoma ulimi, kwa hiyo nilikuwa namtazama Mama tu. Shavu lake likapanda. Sikio likasogea! Ndipo akapiga kelele: “Kivuli!”

Kitendawili cha pili, jirani yetu akauma meno kwanza, kisha akajibu. Cha tatu, baba mmoja mnene akachekelea peke yake kabla ya kunyoosha mkono. Uso unatangulia ulimi. Kila mara!

Na hapo — pah! Juu ya sikio pana nini? Msuli. Misuli ina umeme mwingi kuliko ubongo, mara nyingi zaidi. Kwenye rekodi zetu tulisafisha umeme wa kupepesa macho. Wa kutabasamu hatukusafisha.

Nikameza donge zima. Mama: “Umepaliwa?” Nikamwambia nimepata wazo. Akanipiga mgongoni vilevile.

Ubongo wangu umewaka mara moja maishani, na sikuwa na kofia.

Alhamisi, 13 Februari

Nimejivalisha kofia mwenyewe. Bila kitendawili. Nikautazama ukuta, nikatabasamu. Cheche! Nikauma meno — cheche mbili! Mimi ni gwiji. Ukuta ni shahidi.

Nikamwita Profesa. Nikatabasamu mbele yake mara nne, kama mgombea. Akaitazama skrini mpaka chai yake ikapoa. Akafunga mlango.

“Nani mwingine ameona?”

“Wewe na mimi, Profesa.”

Akakaa. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, ya kumkata maini. Akasema amekula miaka kumi na moja na cheche hii. Kwamba mkewe alikuwa akimletea chakula humu humu, hadi akachoka, akaenda zake. Maneno yangu makali yakayeyuka. Nikamwonea huruma — nusu saa hivi.

Maana akajifuta uso, akasema: “Ukweli nao una msimu wake, mwanangu.” Kama mabalungi! “Tutausema. Baada ya wageni. Na kesho kofia utavaa wewe.”

Nikacheka.

“Sitanii, Peishan. Ukishajua jibu, furahi tu. Furahi kama kawaida yako.”

Kawaida yangu! Miaka sita humu ndani, ameniona nimefurahi lini?

Ijumaa, 14 Februari

Naandika kwenye simu, nimeificha chini ya meza. Niko jukwaani, pazia bado. Jeli inatiririka mgongoni. Nimeamua: uso wa jiwe. Nitajibu kitendawili chao, sura kama ya karani wa kodi. Cheche isipotokea, na waulize wenyewe. Simsaidii, simwaibishi. Ujanja mtupu — au woga. Sijui.

Pazia limefunguka. Wageni safu tatu. Skrini kubwa nyuma yangu, nyeupe. Nyingine ndogo mbele, ya kunionyesha mimi. Profesa anawaeleza kwamba kitendawili bado hakijasomwa, ubongo wa binti huyu umetulia kama ziwa.

Mama! Nani kamwalika? Safu ya mbele, kavaa koti lake jekundu la harusini. Ananipungia. Kwa mikono miwili! Anamwambia mkubwa wa Taipei aliye pembeni yake, nasikia hadi huku: “Huyo wangu. Anaoga sana.”

Nisicheke. Nisicheke. Nauma shavu kwa ndani nisicheke —

Lo. Kuuma nako.

Nyekundu. Skrini nzima upande wa kulia, nyekundu.

Wanapiga makofi. Kitendawili hakijasomwa, nao wanapiga makofi! Profesa hainami, hashukuru. Karatasi ya kitendawili iko mkononi mwake. Ananitazama mimi.

Safu ya pili, mama mmoja mwenye miwani hapigi makofi. Amenyoosha mkono. Profesa anajifanya hamwoni. Mkono haushuki. Sasa mwenye miwani ananiuliza mimi, moja kwa moja, jina langu, na cheche imetoka wapi kitendawili kikiwa hakijasomwa. Naiweka simu, nimjibu.