Mkono Wako Ndani ya Friji ya Rosa

Rafiki yangu Otieno,

Juzi niliuona mkono wako. Usinicheke, sijaanza kuota mchana. Niliuona ndani ya friji ya mkeo Rosa, na tangu hapo sina utulivu mpaka nikueleze.

Tangu tulipokusafirisha kwenu bara tukakuzika, nimekuwa nikipita kwako hapa Mikindani kila Jumapili nikitoka kanisani. Rosa hunikaribisha vizuri, hunipa habari za binti yenu Achieng na masomo yake. Jumapili iliyopita niliomba maji. Akaniletea, yana joto kama yamekaa juani. Nyumba ya fundi wa friji, Otieno! Nyumba ambayo mgeni hajakaa sawasawa ashaletewa juisi ya ukwaju mpaka meno yamuume. Nikamtazama. Akatazama sakafu.

"Shemeji, imekufa," akasema.

Kumbe ilikuwa na muda. Juu inagandisha, chini maziwa yanachacha. Juisi na mtindi anaouza vilikuwa vimesimama, na vyombo vingine ashavifunga, arudi kwenu akalime. Fundi mmoja alikuja, akaishika mgongoni, akamwambia gesi imeisha na kompresa imechoka, aiuze kwa watu wa vyuma. Mnunuzi angekuja katikati ya wiki.

Nikamwuliza kwa nini hakuniita. Akaniambia: "Ukija na mkoba wa kazi, nitangoja na yeye aingie nyuma yako."

Mimi mwenyewe, fundi mwenzako, nikifunguliwa mlango na mteja, bado nasogea kando ili upite.

Unakumbuka siku ya kwanza ulipokuja kwetu Mjambere? Umetoka Kisumu majuzi, Kiswahili chako mbiombio, ukaingia moja kwa moja hadi jikoni na kumwambia mamangu, "Mathe, nipe maji." Mama akakurudisha hadi nje ya mlango. "Mwanangu, hapa twapiga hodi. Twaamkia. Kisha twaomba." Ukapiga hodi, ukasema shikamoo, ukaomba, na maji ukapewa pamoja na sahani ya wali wa nazi. Miaka ikapita, ukawa wewe ndiwe wa kuwasahihisha wageni kutoka bara, kwa lafudhi ile ile ya ziwani. Mama alikuwa akikusikia anacheka hadi anajifuta machozi kwa leso.

Basi nikamwuliza Rosa swali ulilokuwa ukiuliza wewe kabla hujafungua mkoba: stima ikipotea muda mrefu, ikirudi, friji inakuwaje?

"Siku za mwanzo inapoa kama zamani," akasema. "Halafu inarudia."

Nilitaka kupiga kelele. Gesi ikiisha haijirudishi kwa sababu stima imepotea. Lakini barafu, stima ikikatika, inayeyuka. Nikamwambia, "Shemeji, usiuze kitu. Kesho nakuja."

Nikaja. Nikachomoa waya ukutani, nikatoa vitu, nikafungua kile kibati cha ndani kule juu. Theluji tupu! Mabomba yote yamefunikwa, juu hadi chini, sawasawa, hakuna palipobaki wazi. Gesi ingekuwa pungufu, barafu ingeshika upande mmoja tu. Feni ilikuwa nzima, ila haikuwa na pa kupitisha baridi kuipeleka chini. Rosa akaniletea kisu. Nikasikia sauti yako: "Weka kisu, Kahindi! Ukitoboa bomba utamwambia nini mwenye nyumba?" Nikaacha milango wazi, nikaweka beseni la maji moto ndani, tukangoja. Tulipokuwa tukingoja tukazungumza habari zako, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akanisimulia ulivyokuwa ukiimba ukipiga pasi. Mimi sikujua kama unapiga pasi, we bwana.

Barafu ilipoisha nikapima kwa mita ile hita, waya wa moto unaoyeyusha barafu. Nzima. Nikakizungusha kile kisaa kinachoiamuru friji ijiyeyushe, nacho kikalia tiki kama kawaida. Kikabaki kile kidude kidogo kinachohisi baridi kwenye bomba na kuruhusu hita iwake. Nikakizika ndani ya barafu iliyopondwa na kutiwa chumvi, nikangoja, nikakipima. Kimya. Kimekufa.

Nikafuata waya wake kwa vidole nijue pa kukatia. Ndipo nikakutana na kiungo. Waya mbili zimesokotwa kwenda kushoto, kwa sababu wewe ulikuwa mashoto, na tepu imezungushwa mara nyingi kupita kiasi, ncha yake imekunjwa ndani ili isibanduke. Nani mwingine Mombasa hii anakunja ncha ya tepu?

Nikashindwa kuendelea. Nikakaa pale sakafuni na bisibisi mkononi. Rosa akadhani nimepigwa na stima, akaja mbio. Nikamwonyesha, nikamwambia ni kazi ya nani. Akaingiza mkono, akaweka kidole juu ya tepu, akakiacha hapo. Hakulia. Akasema tu, "Alikuwa haniambii akitengeneza. Mimi naona inapoa tu."

Kiungo kile ni kizima, Otieno. Nilikipima, nikakiacha. Kidude kipya nimekiunga mbele yake, kwa kusokota kulia, na changu na chako sasa viko kwenye waya mmoja. Nikairudisha stima, nikaiacha mpaka mabomba yakashika baridi tena, nikazungusha kisaa, hita ikawaka, matone yakachuruzika. Nikazungusha tena, kompresa ikanguruma.

Mnunuzi alipokuja, Rosa alimwambia mlangoni kwamba hakuna cha kuuzwa. Leo asubuhi amenitumia ujumbe: vyombo amevifungua, na Achieng ataendelea na shule yake hapa hapa.

Nakuaga sasa, ndugu yangu. Lala kwa amani huko kwenu. Krismasi tutakuja wote watatu, tulijengee kaburi lako vizuri. Hiyo ni ahadi. Wengine wakienda kula, mimi nitabaki nawe kidogo, nikuambie kwa mdomo yale ambayo kalamu imenishinda.

Wako,
Kahindi