Alichokiona Salumu Pangoni Amboni

Dada Zuhura,

Nakusalimu kutoka Tanga, ila moyo wangu haujatulia. Baada ya harusi iliyotuleta huku, shemeji yako Salumu alinipeleka kwenye mapango ya Amboni. Ni pazuri mno, dada! Maji ya mvua hupenya mwamba wa chokaa, na kila tone huacha chembe yake kabla ya kudondoka, miaka na miaka, hadi mawe yananing'inia kama mizizi ya mikoko yetu maji yakipwa.

Mwongoza wageni akamulika tochi juu, kushoto. Jiwe likameremeta, watu wakashangilia. Salumu naye akasema, "Masha'Allah!" lakini uso wake ulielekea kulia, kwenye ukuta mtupu. Nikamshika mkono. Ulikuwa umelowa jasho.

Tulipotoka nikamuuliza, "Huoni, baba?"

Akasema, "Mchana naona. Giza likiingia, sioni kitu. Tangu msimu wa kaskazi."

"Na abiria wa boti yako unawapitishaje kwenye mikoko baada ya Magharibi?"

"Kwa mazoea."

Kwa mazoea, dada! Na wanao nao huwa wamo humo humo botini.

Nimemwambia hashiki tena usukani mpaka aonwe na daktari wa macho. Kesho tunakwenda. Amekubali, halafu akalia, nami sijawahi kumwona akilia.

Tuombee, na uwabusu watoto. Mama yake Salumu asijue kwanza; hata mimi sijui nitamwambia nini.

Mdogo wako akupendaye,
Tatu