Nilimwambia Mke Wangu Magurudumu Mapya Hayaingii

Mpendwa mshauri Bi Shemsa, shikamoo. Naomba msaada, tena wa haraka, kwa sababu zimebaki siku tisa kabla ya mbio na kosa lote ni langu.

Mimi ni fundi baiskeli, nina kibanda Darajani, naishi Kiembe Samaki na mke wangu Wanu, ambaye ni mwalimu wa skuli na hakuna mwanamke Unguja nzima anayemfikia kwa baiskeli ya milima, na hili silisemi kwa kuwa ni mke wangu, maana mwaka jana kwenye mbio za Chwaka aliwashinda wote, watu wamejipanga barabarani, kina mama wanapiga vigelegele, naye anakuja amejaa vumbi hadi kwenye mtandio, wa pili yuko nyuma yake kwa urefu wa baiskeli moja tu, na mimi nikalia mbele za watu bila aibu. Magurudumu yale, Bi Shemsa, niliyasuka mimi. Ringi za chuma, spoku thelathini na sita kila moja, nimezikaza moja moja, nazigonga kwa kucha na kusikiliza mpaka zote zitoe sauti sawa, kama alivyonifundisha marehemu baba yangu. Tangu siku hiyo kila aliyekuja kibandani kumsifu Wanu nilimjibu, "Kashinda kwa magurudumu yangu."

Sasa mwezi uliopita shemeji yangu Gharib, ambaye ni baharia, karudi safari na kumletea dada yake magurudumu mapya ya aluminiamu, mapana na mepesi, yamo ndani ya boksi lake, akayatua sebuleni kwao mbele ya wakwe zangu na kusema, "Shemeji, yako mazuri, lakini ni ya kubebea mkaa," wote wakacheka, hata mimi nikacheka, lakini ndani nikaungua. Wanu akaniuliza, "Suhail, yataingia?" Nikachukua rula, nikapima ekseli mbele yake, nikapima tena, nikatikisa kichwa, nikamwambia, "Hayaingii, mke wangu. Ekseli nene, fremu yako haiyakubali."

Uongo. Yanaingia vizuri sana, na nilijua hata kabla sijashika rula. Alipokwenda skuli nikaliinua la mbele kwa kidole kimoja, nikaona langu ni zito mara mbili, na nikajua kwamba kwenye mchanga wa Bwejuu, ambako ndiko mbio za safari hii zitafanyika na wanakuja wanawake kutoka Arusha na Mombasa, langu litazama na hilo litapita. Nikalirudisha kwenye boksi, boksi nikalisukuma chini ya kitanda. Wanu hakubisha hata kidogo, aliniamini kwa kuwa mimi ndiye fundi, na kila alfajiri anatoka na vyuma vyangu kufanya mazoezi, anarudi hoi, ananiambia, "Kwenye mchanga sifurukuti, Suhail, sijui miguu yangu ina nini mwaka huu." Nikimwambia kweli atanidharau, na mji mzima utajua kwamba kazi ya Suhail ni ya kubebea mkaa. Nikinyamaza atashindwa, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemshinda. Nifanye nini?

Suhail, Kiembe Samaki

*

Marahaba, Suhail. Safu hii ilikuwa itoke baada ya mbio, na maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo sikungoja gazeti, nilikupigia simu. Wasomaji, haya ndiyo niliyomwambia na haya ndiyo yaliyofuata. Wanu mwenyewe ameruhusu yachapishwe pamoja na majina yao, kwa sharti kwamba nisipunguze makali.

Nilikwambia nakuhurumia. Kazi ya mikono ikichekwa mbele ya wakwe inauma, na huyo Gharib ana ulimi. Asingepungukiwa na kitu angeisifu kazi yako kisha akanyamaza. Lakini Gharib alikutania, wewe umemdanganya mkeo. Umemwacha mtoto wa watu aamke alfajiri alaumu miguu yake, na dawa yake umeilalia. Uongo wa fundi ni mbaya kuliko wa mtu mwingine, maana sisi wengine hatuna cha kuupimia. Na njia ya mwongo ni fupi, Suhail. Ya mkeo ni kilomita thelathini, nusu yake mchanga. Vyuma vyako vilifanya kazi Chwaka kwenye mawe, vimekupa heshima, vishukuru uvitoe. Nilikupa mpaka adhuhuri umwambie, boksi likiwa mkononi, na jina la Gharib usilitaje.

Ulimwambia, na kwa hilo nakupa hongera. Wanu hakupiga kelele. Alilichukua boksi, akalifunga nyuma ya baiskeli, akenda moja kwa moja kwa Ubwa, fundi mshindani wako wa Mwanakwerekwe. Ukanipigia simu unalia kana kwamba umefiwa, unasema umekwisha, Darajani yote itasikia. Nilikwambia unyamaze, umestahili. Ubwa alitumia robo saa.

Kisha Wanu akarudi, akaisimamisha baiskeli mbele ya kibanda chako, wateja wanatazama, akasema, "Yameingia. Lakini nnazisikia spoku zinalia. Kaa hapo uzikaze. Mdomo wako unadanganya, sikio lako halidanganyi." Ukakaa. Ukazigonga moja moja mpaka magharibi, na nusu yake zilikuwa zimelegea tangu kiwandani. Ubwa hakulisikia hilo, na Gharib asingelijua. Ulilisikia wewe, fundi mpumbavu wee, na hapo ndipo nilipokusamehe.

Jumapili saa nne na nusu asubuhi simu yangu ikalia. Nilidhani ajali, kwa kelele zilizokuwapo, kumbe ni wewe. "Bi Shemsa! Dakika nne! Kawaacha kwa dakika nne!" Kwenye mchanga wenzake walishuka wakasukuma, Wanu hakugusa chini. Kwenye mawe gurudumu la yule wa Arusha lilipinda, lake halikutikisika. Akatokea peke yake, nyuma yake njia tupu, watu wakadhani amepotea njia, mpaka mshika saa alipopunga bendera ndipo Bwejuu ikalipuka. Vigelegele nilivisikia hadi jikoni kwangu, na mimi mtu mzima, ambaye sijapata kukalia baiskeli maishani mwangu, nikapiga changu peke yangu, majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Sasa nisikilize, sijamaliza nawe. Vyuma vyako usiviuze wala usivitundike ukutani. Vitie kwenye baiskeli yako, umsindikize mkeo alfajiri, uonje mwenyewe mchanga ulivyo. Nenda ukweni, pale pale sebuleni, useme mbele ya wote kwamba miguu ya Wanu haikuwa na kosa hata siku moja na kwamba aliyekosa ni wewe. Gharib akicheka, mwache acheke. Na watu wakijaa kibandani kuuliza ilikuwaje Bwejuu, wajibu, "Kashinda Wanu." Ukiona ulimi unataka kuongeza neno, mmiminie mgeni kahawa.