Samaki Uliyemwanika Pamoja na Michembe

Bibi yangu mpendwa,

Jana nilikuwa nakata kipande cha boga nimtupie samaki wangu, mkono ukaanza kutetemeka. Mtu mzima, mvi hadi masikioni, natetemeka mbele ya boga. Ungekuwepo ungesema, "Mume wangu, hata boga limekushinda?" Uliniita mume wako tangu nilipoanza kutembea, na ukanidharau kama mume tangu siku hiyohiyo.

Unamkumbuka yule wa kwanza? Zilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wakimiminika Bariadi, na kila mwenye vyumba vya ziada alivigeuza gesti. Tajiri wangu alifungua yake, akaweka tangi la kioo mapokezi, nami nikawa mpokea wageni na mlezi wa samaki. Mmoja wao alikuwa kambare wa Amerika ya Kusini. Nilijifunza kumtambua: mwili umefunikwa vipande vigumu vya mfupa, safu juu ya safu kama vigae, mdomo uko chini, mviringo kama kikombe, ananing'inia nao kwenye kioo akikwangua ukoga. Mchana hujificha chini ya gogo. Boga na tango anavipenda kuliko wageni wetu walivyopenda nyama choma.

Gesti ilipopakwa rangi niliogopa harufu itamuua. Nikamtia kwenye ndoo, nikafunika na kitambaa kibichi, nikamleta kwako kijijini Sola. Nikaitua uani, nikaenda kuwasalimu wajomba. Wewe, binti wa wauza samaki wa Lamadi, ulifunua ndoo ukaona gogogo, yule samaki wa ziwani kwenu. Kichwa kigumu, mapezi yenye miiba: gogogo huyo, tena amenona. Na kwenu, samaki aliyeletwa na mjukuu akilala bila kuanikwa ni aibu ya mwenye nyumba. Kisu kiligoma kwenye magamba yake, ukaamua akae kwanza juani apungue ukaidi. Ukamlaza chanjani katikati ya michembe, vile vipande vya viazi unavyokausha, juu yake kile kitambaa kibichi kwa sababu ya nzi. Bahati yake siku ile ilikuwa ya mawingu.

Alasiri, Mama Kulwa wa jirani akaja kuomba moto. Kitambaa kikasogea. Samaki aliyekaa nje ya maji tangu asubuhi akatoka chini yake, akitambaa kwa mapezi juu ya viazi vyako, akageuza jicho kama anayekonyeza. Ulinisimulia nilipokuwa namrudisha kwenye maji, ukicheka hadi kushika mbavu. Mimi sikucheka. Ulisema Mama Kulwa hakupiga kelele. Alirudi kinyumenyume, akausahau moto wake.

Macho yako, bibi. Moshi wa miti ya pamba uliyopikia maisha yako yote ulikuwa umeyafanya mekundu, na miaka ile tulikuwa tumeshazika vikongwe waliouawa kwa kuitwa wachawi, kwa sababu ya macho ya namna hiyo.

Kesho yake asubuhi ulikwenda kisimani. Ulirudi, ukatua ndoo, ukakaa.

"Nimewasalimu wote, mwangaluka," ulisema. "Hawajaniitikia."

Nilikusihi tukimbilie Bariadi. Ukasema anayekimbia amekiri.

Walikuja kabla jua halijapanda sana: kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, na wanaume wenye marungu, Mama Kulwa nyuma yao. Mimi msomi wako nikaanza kueleza. Amerika, vioo, pampu ya hewa. Kila neno lilizidi kutuchimbia kaburi. Kamanda aliniacha nimalize, akauliza taratibu, "Sasa huyo samaki wa Amerika amemfuata nini bibi yako?" Nikasogea nyuma yako.

Ukapita katikati yao. Ulimtoa samaki kwenye ndoo, ukampiga mchi mmoja wa kichwa, ukamlaza juu ya makaa na magamba yake. Tukasimama tukimtazama akiiva. Ukampasua tumboni, mahali pekee palipokuwa laini, ukala wewe kwanza. Kisha ukampigia kamanda magoti, kipande kwenye viganja.

"Mwanangu, kula. Kama nilimtuma, atasema tumboni mwako."

Viganja vyako vilitetemeka. Sikuwahi kukuona ukiogopa; nilidhani woga ulinigawia mimi wote. Kamanda alikitazama kile kipande. Rungu lilikuwa mkono wa kulia, na kwetu chakula cha mtu hakipokelewi kwa kushoto.

Akaliegemeza rungu kwenye chanja. Akapokea, akatafuna, akatafuna tena.

"Hana chumvi," akasema.

Mama Kulwa akaondoka mbio. Akarudi na chumvi kiganjani.

Uliishi miaka mingi baada ya pale, ukafa kwa uzee, kitandani mwako, kichwa chako mapajani mwa Mama Kulwa. Namshukuru Mungu kwa hilo kuliko kwa mambo mengine yote aliyonipa. Lakini woga haukuondoka, bibi. Nikimsalimu mtu barabarani akachelewa kuitikia, nageuka kuangalia mkono wake wa kulia umeshika nini.

Samaki wangu hajambo. Mlango wa chumba chake naufunga, asije akaonwa na mtu mwenye haraka ya kuhukumu.

Mwangaluka, bibi. Mimi nitangoja uitikie, hata ukichelewa.

Mumeo mwoga,
Mjukuu wako