Watatari Sitini wa Baba Refat

Alhamisi, 9 Novemba 2023

Leo baba mkwe kanikabidhi jeshi lake lote nilipulizie vanishi. Mimi! Vijiaskari vya bati — Waturuki na bunduki zao, Watatari sitini juu ya farasi, kila mmoja kimo cha kidole gumba. Miaka kumi na mmoja anawapaka rangi. Hakuna farasi wawili waliofanana, hata wale wa akiba wanaokokotwa nyuma! Jumapili wanapigana klabuni, mezani, kwa dadu na rula. Mikono yake inatetemeka siku hizi, brashi haitaki tena. Kasema mwenyewe: hili ndilo jeshi langu la mwisho.

Ijumaa, 10 Novemba

Mimi na kiherehere changu! Nimepuliza barazani huku mvua inanyesha. Klabuni nani asiyejua vanishi na unyevu havipatani? Waturuki, niliowapuliza jana, wazima. Watatari wote weupe, kama waliomwagiwa unga. Nimewafunika taulo. Nimelia.

Jumamosi, 11 Novemba

Nimeshindwa kunyamaza, nimemwambia baba. Haldun, mpinzani wake wa kesho, mwenye jeshi la Wapolandi, alikuwa kwetu anakula chiborek, zile sambusa kubwa za nyama, mafuta yanamtiririka kidevuni. Kacheka: mzee, Watatari wako wamekutwa na theluji njiani? Baba kamjibu: na weupe huohuo watakufukuza, kesho usijifiche.

Kisha kanigeukia: mwanangu, lete mafuta ya zeituni. Nikadhani ana njaa!

Tone moja tu kwenye brashi. Nikapaka — weupe ukayeyuka, koti la ngozi ya kondoo likarudi na mishono yake! Mishono, jamani, kwa rangi! Na podo, na mishale ndani. Huyu mzee ana mikono ya ajabu. Nampenda, na sijawahi kumwambia.

Jumapili, 12 Novemba

Hamsini na tisa wamepona. Wa sitini ndiye khan, mfalme wao. Nimemsugua mno, uso umetoka. Bati tupu! Nikasema tumwache nyumbani. Baba kakataa: Watatari bila khan wanatawanyika, hata sheria za mchezo zinasema. Haldun kapiga simu: vipi, mmeshakimbia?

Baba kajaribu mwenyewe. Jicho likaangukia kwenye masharubu. Kafuta. Kajaribu tena. Kafuta. Akanishikisha brashi: paka wewe, mama, mimi nitakutajia rangi.

Nimeomba dakika tano, niko chumbani. Anaita — anasema tuanze na jicho la kushoto.